Mwaitu Ameacha Kuruka Harusini, na Sisi Tunacheka

Wasee, hii mmeiona. Harusi iko Wote, DJ anaweka ngoma ya Kikamba, watu wanaanza kuruka. Halafu mama mmoja, yule ambaye zamani ndiye alikuwa anafungua uwanja, anarudi pole pole kwa kiti. Ukimuuliza anasema ni magoti. Mara nyingine si magoti. Akiruka mkojo unatoka kidogo, na hataki aibu mbele ya wakwe.

Sisi wa mtandaoni tumegeuza hii kitu kuwa skiti. Mama anapiga chafya, anafunga miguu, watu wanacheka, tunaendelea. Hata mimi niliwahi kutengeneza moja. Niliifuta siku aunty yangu wa Mwingi aliponiambia kwamba akiwa na safari ya Nairobi, hanywi maji tangu jioni, kwa sababu matatu haiwezi kusimama kila akibanwa. Ana miaka 38. Alikuwa anajua ukishazaa, basi, ndivyo mwili unavyokuwa.

Msimamo wangu ni huu: inapata wengi, lakini si kitu cha kukubali tu. Na pedi inaficha, haitibu.

Iko hivi. Chini ya nyonga kuna misuli imetandazwa kama machela, kutoka mfupa wa mbele hadi mfupa wa mwisho wa mgongo. Inabeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Ukikohoa, ukicheka au ukiinua kitu, inatakiwa ijikaze ifunge njia ya mkojo. Mimba na kuzaa huilegeza. Kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu na kuinua mizigo mizito huiongezea presha.

Sasa mtu ataniambia, "Kitui watu wanatafuta maji, wewe unaongea mambo ya mkojo?" Ndiyo, kwa sababu maji na mkojo ni hadithi moja. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20. Mama anaitoa kwa shimo la mchanga mtoni, anaifunga mukwa, anapanda nayo mlima, mwaka baada ya mwaka, hata wiki chache baada ya kujifungua. Hiyo misuli inalipa.

Habari njema ni kwamba misuli ni misuli. Kama unaweza kujenga mikono gym, na hii inajengeka. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka wa 1948. Leo mwongozo wa matibabu wa Uingereza unasema mwanamke anayevuja akikohoa aanze na mazoezi, akisimamiwa na mtaalamu, kwa angalau miezi 3: kubana mara 8 au zaidi, mara 3 kwa siku. Ufaransa, bima ya serikali inawalipia akina mama vikao vya mazoezi haya baada ya kujifungua.

Yanafanywaje? Bana kama unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, vuta juu, shikilia sekunde chache, achilia kabisa. Usizuie pumzi, usikaze makalio. Na usiyafanye mazoezi ukiwa unakojoa.

Kama ni rahisi hivyo, physio ni wa nini? Ni wa kuhakikisha hukosei. Kuna wanaosukuma chini badala ya kuvuta juu, na hiyo inaharibu zaidi. Kuna wale misuli yao imekaza sana, wanahitaji kujifunza kuilegeza kwanza. Na wale wanaobanwa ghafla, physio anawafundisha kurefusha muda kati ya choo na choo, kidogo kidogo. Kujinyima maji kama aunty hakusaidii. Mkojo ukiwa mzito unaweza kukiwasha kibofu, na choo kinakuwa kigumu.

Na msifikiri ni mambo ya wamama peke yao. Wasichana wa mbio na kuruka ambao hawajawahi kuzaa huvuja. Wanaume wengi huvuja baada ya upasuaji wa tezi dume, na mazoezi ni yale yale.

Ila si kila kuvuja kunatibiwa na mazoezi. Mama akivuja wakati wote baada ya kujifungua kwa shida, inaweza kuwa fistula, yaani tundu, na hilo linahitaji upasuaji. Ukiona damu, maumivu au homa, nenda hospitali kwanza.

Sasa tufike kwa kaunti. Afya iko mikononi mwa serikali za kaunti. Makueni ilianzisha MakueniCare mwaka wa 2016, na Wote kuna hospitali nzima ya mama na mtoto. Kwa hivyo mimi siombi jengo. Naomba swali moja. Mtoto akiletwa kliniki kwa chanjo ya wiki 6, anapimwa kilo, anadungwa, anaandikwa kwa kitabu. Aliyembeba aulizwe: "Na wewe, mkojo unatoka ukikohoa?" Akisema ndiyo, atumwe kwa physio siku hiyo hiyo, na huyo physio awe amefunzwa kazi hii, si ya stroke na mifupa peke yake.

Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti vikiitishwa, twendeni. Kawaida huwa tunawaachia wazee, halafu tunakuja kulalamika huku.

Aunty yangu ako mwezi wa pili wa mazoezi. Hajapona kabisa. Lakini wiki iliyopita alipanda matatu na chupa ya maji mkononi, na akainywa kabla ya Matuu.

Leo usiku muulize mwaitu. Ukiona haya, mtumie hii post, useme ni mimi nimeanza.