Jua si mkorosho jamani!

Kama hujawahi kufika Chilangala, kule Newala, mwezi wa saba, hujui asubuhi inavyonuka salfa. Jua halijachomoza, watu wako shambani na mashine za kupulizia mgongoni, unga wa njano unapanda kwenye mikorosho kuikinga na ubwiriunga. Kwa nini alfajiri? Kwa sababu umande bado upo na upepo umetulia. Upepo ukiamka, salfa yako inakwenda kwa jirani. Hili kila mkulima wa Newala na Masasi analijua, hata yule ambaye hakumaliza darasa la saba.

Sasa wapo wasomi wakubwa Ulaya na Marekani wanaojadili kupulizia salfa angani, kilomita 20 hivi kwenda juu, ili kupunguza makali ya jua duniani. Mnacheka? Sitanii.

Tuwatendee haki, hoja yao ina msingi. Chembe ndogo zinazoelea hewani, wataalamu huziita erosoli, zinacheza na mwanga wa jua. Masizi ya moshi hufyonza joto. Chembe za salfa, zitokanazo na volkano na makaa ya mawe, hurudisha sehemu ya mwanga huko ulikotoka. Juni 1991 volkano ya Pinatubo, Ufilipino, ilirusha tani zaidi ya milioni 10 za gesi ya salfa, na dunia ikapoa kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo wanasema: tuige volkano, joto lipungue upesi.

Mimi nasema hapana. Sababu ninazo mbili.

Kwanza, mvua. Chembe zikipoza upande mmoja wa dunia kuliko mwingine, ukanda wa mvua wa tropiki unahama. Ukame mkubwa wa Saheli wa miaka ya 1970 na 1980, wanasayansi wengi wanauhusisha kwa sehemu na salfa ya viwanda vya Ulaya na Marekani. Yaani moshi utoke kwao, mtama ukauke Mali na Niger! Watetezi wanajibu kwamba wakipulizia kaskazini na kusini kwa usawa, mvua haitahama hivyo. Sawa. Nani atashika mashine? Na siku wakubwa wakigombana, nani atalinda huo usawa? Chilangala iko juu ya uwanda wa Makonde usio na mito, wenye msimu mmoja tu wa mvua. Msimu huo ukiharibika, mkulima akamshitaki nani, mahakama ipi?

Pili, ukianza huachi. Salfa ya huko juu hudumu mwaka mmoja au miwili tu, kisha inashuka. Kabonidioksidi inabaki karne nyingi. Siku fedha zikiisha au vita ikizuka, joto lote lililofichwa linarudi ndani ya miaka michache. Huyo mtoto wa leo pale Newala ndiye atakayelipokea.

Sisemi watu wasitafiti. Hata salfa yetu ya korosho imetusaidia sana, ingawa watafiti walishaonyesha miaka ya 1990 kwamba inaongeza tindikali kwenye udongo. Lakini mkulima aliipulizia shambani kwake, kwa uamuzi wake. Anga si shamba la mtu!

Mwaka 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika walitaka dunia ikubaliane kutotumia mbinu hizi. Mwaka 2024, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, pendekezo la Uswisi la kuunda jopo la wataalamu wa jambo hili liliondolewa baada ya nchi kushindwa kuelewana, Afrika ikiwa imekaza msimamo. Je, wewe msomaji ulisikia? Au siku hiyo tulikuwa tunabishana Simba na Yanga?

Wanaotaka dunia ipoe wapunguze makaa ya mawe na mafuta, basi. Jua la Chilangala ndilo linalokausha korosho na makopa. Anayetaka kuligusa aje kwanza abishe hodi. Tena aje alfajiri, aone jinsi upepo unavyoheshimiwa.

Naomba kutoa hoja. Wadau mnasemaje?