Wema usioruhusu kwenda zako

Wahenga walinena, tenda wema nenda zako. Kwa waokoaji wa sili, mnyama wa baharini alaye samaki, wosia huo hautoshi. Huko Cornwall, Uingereza, Ken Jones alianza kazi hiyo mwaka wa 1958 kwa mtoto mmoja wa sili aliyesukumwa ufuoni. Kituo kikahamia Gweek mwaka wa 1975. Wengi hutibiwa, wakanona, wakarudishwa baharini. Ila aliyepofuka au kuumia ubongo hubaki kidimbwini, kwani akiachiliwa huenda akafa njaa. Naye sili wa kijivu huweza kuishi hata miaka 25, akihitaji samaki, matibabu na maji safi. Basi mfadhili asiulize tu wangapi wameokolewa, bali nani atawalisha waliobaki picha za uokoaji zikishasahaulika.