Mambo ya Nyumbani: Kupamba Keki za Krismasi Pamoja na Watoto

Sikukuu ya Krismasi inapokaribia, kazi katika nyumba huwa nyingi kuliko mikono. Kuna kuku wa kuchinjwa, mchele wa kuchaguliwa, nguo za kufuliwa na wageni wa kupokewa. Katikati ya shughuli hizo watoto huambiwa neno moja tu, nalo ni "Tokeni hapa!" Basi hutoka, huzurura uani, hugombana, kisha huitwa wakati wa kula. Hivyo mtoto hujifunza kwamba sikukuu ni kitu cha kuletewa, wala si kitu cha kutengenezwa kwa mikono yake. Jambo hili si dogo, maana mtoto aliyezoea kuletewa tu huwa kama mgeni katika nyumba ya wazazi wake.

Iko kazi moja nyepesi ambayo yafaa sana kupewa watoto siku hizo, nayo ni kupamba vikeki. Huko Marekani desturi hii imeenea katika nyumba nyingi, na mojawapo ya keki zinazopambwa ni ile iitwayo brauni. Jina lake limetokana na rangi yake ya kahawia. Ni keki fupi, nzito, yenye kakao nyingi. Haiumuki kama keki ya kawaida, na ndani hubaki na unyevunyevu. Kwa kuwa ni bapa na ngumu kidogo, haivunjiki upesi katika mikono ya mtoto, na ndiyo sababu yafaa kwa kazi hii.

Hoteli ya Palmer House katika mji wa Chicago husimulia kwamba mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini humo, Bibi Bertha Palmer aliwaagiza wapishi wa hoteli watengeneze kikeki ambacho wanawake wangeweza kukichukua katika chakula cha kubeba na kukila bila kuchafua mikono. Baadaye Bibi Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa mji wa Boston, alieleza namna ya kupika brauni za chokoleti katika toleo la 1906 la kitabu chake cha upishi. Bibi huyu alijulikana kwa jambo jingine lenye faida kwa kila nyumba: alisisitiza kwamba kikombe au kijiko cha kupimia kijazwe, kisha kikwanguliwe juu kwa kisu mpaka kiwe sawasawa. Mtoto aliyefundishwa kupima hivyo amepata somo la hesabu bila kujua kwamba yuko darasani.

Yafaa pia watoto waelezwe kakao inatoka wapi. Mti wake asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini siku hizi zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hulimwa Afrika ya Magharibi, katika nchi mbili za Côte d'Ivoire na Ghana. Huko Ghana humkumbuka Tetteh Quarshie, ambaye husimuliwa kwamba alileta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879 na kuzipanda Mampong. Mkulima wa kahawa hataona ugeni katika kazi hiyo: matunda huvunjwa, mbegu huvundikwa siku kadhaa, kisha huanikwa juani. Kiwandani hukaangwa na kukamuliwa mafuta, na makapi yanayobaki husagwa yakawa ule unga mweusi unaouzwa madukani katika mikebe. Mtoto akijua hayo, hataudharau unga huo wala jasho la mkulima mwenzake baba yake.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: siagi gramu 115, sukari gramu 200, mayai 2, unga wa ngano gramu 65, kakao gramu 40, na chumvi kidogo. Siagi iyeyushwe na kuchanganywa na sukari. Mayai yatiwe moja moja huku mchanganyiko ukikorogwa. Halafu unga, kakao na chumvi vichekechwe na kutiwa juu yake. Usikorogwe sana baada ya unga kuingia, maana keki itakuwa ngumu. Mchanganyiko huo umiminwe katika chombo cha mraba chenye upana wa sentimeta 20, kilichopakwa siagi na kutandikwa karatasi ndani.

Katika oveni yenye moto wa digrii 175 keki huiva kwa dakika 20 hadi 25. Asiye na oveni atumie sufuria kubwa nzito yenye mchanga safi mkavu chini; sufuria ipashwe moto, chombo cha keki kiwekwe juu ya mchanga, kisha ifunikwe na makaa machache yatiwe juu ya mfuniko. Kwa njia hii yafaa kuitazama keki mara kwa mara, kwa kuwa moto wa makaa haufanani siku zote. Kijiti kikichomwa katikati kitoke na chembechembe zenye unyevu, lakini si uji. Kazi yote ya moto ni ya mtu mzima, na watoto wakae mbali.

Keki ipoe kabisa kabla ya kupambwa, kwani pambo likitiwa juu ya keki ya moto litayeyuka na kutiririka. Njia iliyo bora ni kuoka tarehe 23 Desemba jioni na kupamba tarehe 24. Ikiwa imepoa, ikatwe katika vipande viwili virefu vilivyo sawa, na kila kimoja kikatwe kwa mshazari, kisu kikienda juu na chini, mpaka zipatikane pembetatu 7. Jumla zitakuwa pembetatu 14, kila moja ikiwa mfano wa mti wa Krismasi, na vipande vidogo 4 vya pembeni. Vipande hivyo vya pembeni ndivyo ujira wa wapishi. Watoto wavionje mapema, ili miti yenyewe isalie salama.

Pambo hutengenezwa kwa sukari laini kama unga, ile iuzwayo kwa ajili ya kupambia keki. Kikombe kimoja kitiwe maji au maziwa, kijiko kimoja cha mezani kwanza, kisha matone machache zaidi, mpaka kiwe kizito kama uji unaoganda kwenye mwiko. Wako wapishi wanaotumia ute wa yai mbichi. Lakini yai mbichi laweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na kwa watoto wadogo ni heri kuuacha. Rangi ya waridi hupatikana kwa matone ya maji ya kiazisukari chekundu kilichochemshwa, na ya kahawia kwa kakao kidogo. Sukari nyeupe isiyotiwa rangi yatosha kuwa theluji. Kwa kuchorea mistari, karatasi ngumu safi isiyopenyeza mafuta ikunjwe kama pia, itiwe pambo, na ncha yake ikatwe kidogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na karatasi hufanya kazi hii vizuri.

Kila mtoto apewe kazi kwa kadiri ya umri wake. Wakubwa wapime na kukata. Wa makamo wachore mistari. Wadogo wanyunyize nazi iliyokunwa na kukaushwa, au vipande vidogo vya matunda makavu. Njugu nzima zisiwekwe mbele ya watoto walio chini ya miaka 5, maana zaweza kuwakaba. Kadhalika, vumbi la kumetameta liuzwalo kwa ajili ya mapambo lisitiwe katika chakula ila lile lililoandikwa waziwazi kwamba linaliwa. Katika jimbo la Rhode Island, Marekani, mwaka 2018, watoto waliugua kwa kutapika na kuharisha baada ya kula keki iliyopakwa vumbi la namna hiyo lenye shaba nyingi. Uzuri wa macho usiwe sumu ya tumbo.

Sasa lipo jambo linalowashinda wazazi wengi. Mtoto huchora mstari uliopinda. Mama, kwa haraka na kwa nia njema, humnyang'anya karatasi akaunyoosha. Mstari wanyooka, lakini tangu dakika ile mti ule si wa mtoto tena. Mtoto hutambua hilo upesi kuliko watu wazima wanavyodhani. Huweka mikono magotini, hutazama tu, na baada ya kitambo kidogo huondoka. Yule aliyekuwa ameanza kuwa mwenyeji wa sikukuu amerudishwa kuwa mgeni. Heri mti uliopinda wenye mwenyewe kuliko mti ulionyooka usio na mtu. Mzazi akitaka kufundisha, achukue kipande chake mwenyewe, akipambe polepole kando ya mtoto, bila kusema mengi. Mtoto ataangalia na kuiga, na safari ya pili mkono wake utakuwa imara zaidi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini hawakusema mvunje.

Neno hili lawahusu akina baba pia, hasa wale wafanyao kazi mbali na nyumbani, ambao huwaona watoto wao mara chache katika mwaka. Watoto wa namna hiyo humjua baba kwa mizigo anayoshuka nayo garini. Saa moja mezani pamoja nao, baba akiwa na unga mikononi na yeye mwenyewe akichora mti uliopinda, yaweza kukumbukwa baada ya nguo mpya kuchakaa. Wala mwanamume asione haya. Katika hoteli nyingi waokaji ni wanaume, na hakuna aliyewapunguzia heshima.

Kuhusu gharama, ukweli usemwe. Siagi na kakao si vitu rahisi, na baada ya Desemba huja Januari pamoja na karo yake. Mtu asikope ili awe na brauni. Keki ya kawaida, mkate wa sufuria, hata mandazi yaliyopoa, vyote vyaweza kupambwa kwa sukari ile ile na mikono ile ile. Mtoto hahesabu bei ya kakao. Huhesabu dakika alizopewa.

Mwisho ni kugawa, na kazi hii pia ni ya watoto. Wakiwa 5, kila mmoja apate miti 2, na 4 ibaki. Waulizwe wenyewe: hii 4 ni ya nani? Mmoja utakuwa wa nyanya, mmoja wa babu, mmoja wa jirani aliye mgonjwa, na mmoja wa mgeni ambaye hajafika. Kila mtoto apeleke kwa mikono yake kile alichokipamba, kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa safi, na aseme mwenyewe, "Shikamoo, nyanya, nimekuletea, nimekitengeneza mimi." Nyanya atakipokea kwa mikono miwili, na hatauliza kwa nini mstari umepinda.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyepewa kisu cha kupakia sukari leo, na kuaminiwa nacho, kesho atapewa jembe, kalamu au funguo za nyumba, naye hatashangaa kwamba ameaminiwa.