Mwanga wa Wengi Usiwe Machozi ya Wachache

Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ni kazi kubwa ya taifa letu. Mitambo yake 9 ina uwezo wa kufua megawati 2,115 za umeme, nasi twafurahi taa zinapowaka katika zahanati na shule zetu. Lakini haki yatudai tuulize pia habari za wenzetu wakaao chini ya bwawa.

Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Serikali ilieleza kwamba chanzo ni mvua nyingi, na kwamba bwawa lilipunguza ukali wa maji. Wananchi wengi walilaumu kufunguliwa kwa milango ya bwawa. Hatuandiki ili kuamua ubishi huo. Twauliza tu: mkulima wa Muhoro ana njia gani ya kuujua ukweli?

Tuelewe jambo moja. Bwawa halizuii mafuriko kwa kuwapo tu, bali kwa nafasi iliyoachwa wazi ndani yake kabla ya masika. Afuaye umeme hupenda lijae, kwa maana kimo cha maji ndicho nguvu ya mitambo. Akaaye bondeni huomba nafasi iachwe. Maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu yakilikuta limejaa, hakuna budi kufungua milango.

Wala Mrufiji haogopi kila furiko. Tangu enzi za mababu, maji yakipungua, hulima mlau katika udongo uliorutubishwa na mto. Mto usiofurika kabisa humnyima chakula; ufurikao ghafla humnyima nyumba.

Kwa hiyo mambo matatu ni wajibu, si hisani. Kwanza, kimo cha maji kinachokusudiwa kila mwezi kitangazwe hadharani, kwa Kiswahili. Pili, onyo la kufungua milango lifike hadi kitongoji kisicho na simu, mapema ya kutosha kuhamisha wazee, wagonjwa na mbegu. Tatu, wanavijiji washirikishwe katika maamuzi, na hasara itokanayo na maji yaliyofunguliwa ifidiwe.

Viongozi wa walei na wa jumuiya ndogondogo, pelekeni hoja hizi katika mikutano ya vijiji, bega kwa bega na ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi kule Rufiji. Manufaa ya wote hayajatimia maadamu jirani yetu analipia mwanga wetu kwa shamba lake.