Tovuti za Safari Hazijui Tanga Mbili

Leo naweka kando mambo ya PHP na seva, nataka tuzungumze kuhusu likizo. Msikimbie, hili nalo ni suala la tarakilishi, tena la data mbovu.

Andika kwenye mtambo wa kutafuta swali la kawaida kabisa: ni lini wakati mzuri wa kwenda Lamu, au Zanzibar? Utaletewa kurasa mia na zote zitakuonyesha jedwali moja. Visanduku 12 vya miezi. Januari na Februari kijani. Aprili na Mei nyekundu. Juni hadi Oktoba kijani tena. Novemba njano. Desemba kijani lakini bei juu. Basi. Msimu wa juu, msimu wa chini, na ule wa katikati ambao Wazungu huuita "bega", yaani si kilele wala si bonde, pale ambapo bei imeshuka na hali ya hewa bado inavumilika.

Hoja yangu ni hii: jedwali hilo halikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayeishi Nakuru, Njoro, Gilgil au Naivasha. Na sisi waandishi wa programu wa Kenya tunaolinakili kwenye tovuti za wateja wetu bila kufikiri tunauza uongo kwa lugha yetu wenyewe.

Kiolezo kimetoka wapi?

Kiolezo hicho kinafaa mahali penye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Chukua Fiji, katika Bahari ya Pasifiki. Iko karibu nyuzi 18 kusini mwa ikweta. Mvua na vimbunga ni Novemba hadi Aprili, ukavu ni Mei hadi Oktoba. Hapo mwaka una kilele kimoja, bonde moja na mabega mawili. Mtu wa Fiji akipanga likizo kwa jedwali lile hatapotea sana.

Lamu iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Sisi tuna mvua mbili, masika na vuli, na pepo mbili, kaskazi na kusi. Ukichukua mfumo huo na kuutia kwenye safu tatu zenye majina juu, chini na katikati, umeshapoteza habari kabla hata hujaanza kuhesabu. Mtu yeyote aliyewahi kusanifu hifadhidata anajua kosa hili: safu zikiwa si sahihi, hata ukijaza data safi utatoa takataka.

La kusikitisha ni kwamba neno tunalo, tena la zamani. Mabaharia wa pwani walikiita kipindi cha kati ya pepo hizo mbili tanga mbili, kwa kuwa upepo haukuwa umeamua na jahazi liliweza kushika njia ya kaskazini au ya kusini. Na ule mwisho wa kusi, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, bahari inapoanza kutulia, waliuita demani. Hiyo ndiyo "bega" yetu. Ilipimwa kwa upepo na bahari karne nyingi kabla ya mtu kuipima kwa bei ya chumba.

Sasa tuone mahali tovuti zinapokosea, moja baada ya nyingine.

1. Wastani si utabiri

Kijani na nyekundu zile zimetokana na wastani wa mvua wa miaka mingi. Lakini vuli ya Afrika Mashariki haina adabu ya kufuata wastani. Hufuata joto la Bahari ya Hindi na El Niño. Vuli ya 2019 ilikuwa mafuriko. Ya 2020, 2021 na 2022 zilikuwa haba. Ya 2023 ikawa mafuriko tena, hadi mwezi wa Novemba barabara ya Mombasa kwenda Malindi ikakatika pale Mbogolo. Ukijumlisha miaka hiyo mitano ukagawanya kwa tano utapata Novemba "ya njano", Novemba ambayo haikutokea hata mwaka mmoja!

Tena safari haianzii ufukweni. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka Mai Mahiu, humu humu katika kaunti yetu, yakaua makumi ya watu. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kikaelekea Tanzania na feri za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Tovuti iliyokuwa ikikuuzia "punguzo la masika" wiki hiyo haikuwa na safu ya kukuambia lolote kati ya hayo. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa masika na wa vuli kabla ya kila msimu. Upo, ni bure. Nani kati yetu ameuunganisha na ukurasa wa kuweka nafasi?

2. Kenya si nukta moja kwenye ramani

Nyingi ya kurasa hizo zina "hali ya hewa ya Kenya". Kenya ipi? Agosti hapa Nakuru ni mwezi wa mvua na baridi, na matope ya Njoro mnayajua. Pwani mwezi huo huo masika yamekwisha na kusi linaelekea ukingoni. Mtu wa Bonde la Ufa hatafuti mahali penye hali nzuri kuliko wastani wa dunia, anatafuta mahali pazuri kuliko alipo. Huo ni utoaji rahisi wa namba mbili, na hakuna tovuti inayoufanya.

3. Bahari hufuata mwezi wa angani

Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ni hesabu safi inayoweza kufanywa na programu ya mistari michache. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila mara ikichelewa, jumla kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiwa mpya au mpevu huwa bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo maji hutoka asubuhi, karibu saa nne au saa tano. Pale Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, utatembea mbali juu ya mchanga na mwani kabla hujapata maji ya kuogelea. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na asubuhi ile ile ufukwe una maji.

Familia yenye siku nne tu za likizo inaweza kuangukia siku nne za bamvua, watoto wakakaa na ndoo wakiangalia bahari iliyokimbia. Mvuvi yeyote wa hapo angewaambia. Tovuti yenye picha 40 za bwawa la kuogelea haikuwaambia.

Mwezi huo huo ndio unaopanga Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11. Mwaka 2030 itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, ndani kabisa ya visanduku vya kijani. Lamu au Mji Mkongwe wakati wa mfungo si mahali pa kuepuka, jioni zake zina raha yake, lakini mchana mikahawa mingi hufungwa na mgeni anapaswa kujua. Kinyume chake, wakati wa Maulidi Lamu hujaa watu hata kama jedwali linasema ni msimu wa chini.

4. Likizo za shule ni za nani?

"Msimu wa juu" kwa sehemu kubwa ni kalenda ya shule za Ulaya. Kalenda yetu ni nyingine. Likizo ya Aprili huangukia masika yenyewe, na hoteli kadhaa za Diani, Lamu na Zanzibar hufunga milango Aprili na Mei. Likizo ya Agosti huelekea mwanzo wa demani. Na ile ndefu ya mwisho wa mwaka hutupa wiki kadhaa kuanzia Novemba, watoto wetu wakiwa nyumbani huku watoto wa Ulaya wakiwa bado darasani hadi Krismasi ikaribie. Ndiyo tanga mbili! Wiki hizo, utabiri wa vuli ukiwa wa kawaida, ndizo nafuu yetu. Asiye na watoto wa shule achukue Septemba au Oktoba.

5. Dola na kadi

Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Chumba cha dola 100 kikashuka kutoka 16,000 hadi 13,000 bila mwenye hoteli kubadilisha chochote, wala mpishi wake kuona tofauti kwenye mshahara. Kwa nini Mkenya anayekwenda Kenya abebeshwe hatari ya sarafu ya kigeni? M-Pesa ipo tangu 2007. Tiketi ya gari moshi la Mombasa hununuliwa kwa simu kwa kubonyeza *639#. Halafu ukurasa wa chumba unadai kadi ya benki na hauonyeshi bei ya wakazi mpaka upige simu.

Wako watakaosema: hizo ni biashara, wateja wao ni wageni, wewe wa Nakuru si soko. Haya. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga, hoteli za pwani zilipofunguliwa tena zilimtegemea nani? Mkenya. Na fikirieni upande wa pili wa jedwali. Kisanduku kikiwa chekundu wageni hawaji, hoteli inafunga, na mhudumu, mpishi na nahodha wa mashua wanarudishwa nyumbani bila kazi kwa miezi. Baadhi ya wiki hizo zina jua. Rangi moja iliyochaguliwa na mtu asiyewahi kukanyaga Mokowe inamfungia mtu riziki yake Shela.

Kwa hiyo wenzangu waandishi wa programu, mteja wa hoteli akikuita umjengee tovuti, usinakili visanduku 12. Weka safu hizi: upepo wa wiki hiyo, siku za bamvua na za maji mafu, mfungo na Maulidi, likizo za shule za Kenya, utabiri wa msimu, na bei kwa shilingi pamoja na njia ya kulipa kwa simu. Hakuna hata moja inayohitaji seva kubwa. Nusu yake ni hesabu ya mwezi.

Na wewe msomaji unayepanga likizo, kabla hujabofya "lipa", fanya jambo moja ambalo tovuti haiwezi: pigia simu mtu wa huko umuulize, upepo gani unavuma sasa, na maji yanatoka saa ngapi? Asipojua, tafuta hoteli nyingine.