Tahadhari: Ramu Husahau, Diski Haisahau

Ndugu mkaaji wa Bukavu, kama wiki hii unapanga kupeleka laptopu yako ya zamani soko la Nyawera ili fundi atoe ramu na diski aziweke katika nyingine, soma haya kabla ya kushuka sokoni. Na kama umekwisha kuiacha huko, mpigie fundi simu sasa hivi, umwombe asiguse diski mpaka ufike.

Niliwahi kununua diski kuukuu hapo Nyawera. Muuzaji aliniambia ni safi, na nilipoifungua ilikuwa tupu kweli. Siku chache baadaye nikafuta faili yangu kwa bahati mbaya, nikatafuta programu ya bure ya kurudisha vilivyofutwa. Faili yangu ilirudi, lakini haikurudi peke yake. Zilitoka kadi za wapiga kura za watu wa nyumba moja, hati ya kiwanja, picha za ubatizo na majibu ya vipimo vya hospitali. Mwenyewe simjui mpaka leo. Nilifuta vyote, safari hii kwa njia inayofuta kweli. Lakini usingizi ulichelewa kuja usiku ule, nikiwaza diski ile ingeangukia mkono wa nani kama si wangu.

Watu wengi huziona ramu na diski kama vipuri viwili vya aina moja, wakati tabia zake ni mbalimbali kabisa. Ramu hushika kazi unayoifanya wakati huu tu. Umeme ukikatika, inasahau yote. Unaweza kumpa mtu ramu yako bila hofu. Diski haisahau. Ukifuta faili, kompyuta inafuta jina lake katika orodha tu, na mara nyingi faili yenyewe inabaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hata kuifomati diski kwa ile njia ya haraka, inayokwisha kwa sekunde chache, mara nyingi hakuondoi faili zenyewe.

Jambo hili limepimwa. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa chuo cha MIT huko Marekani, walinunua diski kuukuu 158 na kutangaza matokeo mwaka 2003. Katika 129 zilizokuwa bado zinafanya kazi, 12 tu ndizo zilizofutwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari walinunua diski sokoni Ghana, wakakuta humo nyaraka za kampuni ya silaha ya Marekani. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo iliponyokwa na siri zake hivyo, sisi je?

Na sisi tunabeba mazito. Bukavu ina mashirika mengi yanayosaidia wanawake waliobakwa, na majina ya wanawake hao yamo ndani ya laptopu. Mji ulioingiwa na vita Februari 2025 unajua orodha ya majina inaweza kumfanya mtu nini. Kongo ina Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayolinda habari za watu, lakini orodha ikishatoka, hakuna sheria inayoirudisha.

Ninaandika kwa haraka kwa sababu wengi wanabadilisha mashini wakati huu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Hapo ndipo ilipo hatari ya pili: baadhi ya laptopu za Windows hufunga diski zake kwa ufunguo wa siri, bila mwenyewe kujua. Diski ikikaa katika laptopu yake, hufunguka bila kuuliza. Ukiihamishia nyingine, inadai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye nao hapati kitu, hata akiwa fundi hodari namna gani. Mwanafunzi wa chuo cha ISP au cha UCB anaweza kupoteza kazi yake ya kumaliza masomo kwa dakika kumi za bisibisi.

Basi fuata utaratibu huu, wala usiruke hatua.

Kwanza, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha fungua faili kadhaa uhakikishe zinasomeka. Nakili, usihamishe: umeme wa SNEL ukikatika katikati, ya asili ibaki salama. Kama diski inagonga tik-tik, izime mara moja. Kila dakika inayozunguka inazidi kujiharibu.

Pili, tafuta ufunguo wa tarakimu 48 katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kufungulia laptopu hiyo, uuandike kwenye karatasi. Kama ulinunua laptopu mkononi mwa mtu, ufunguo unaweza kuwa katika akaunti yake yeye.

Tatu, angalia aina ya ramu kabla ya kuihamisha au kuinunua. Ramu ya DDR3 ya laptopu ina pini 204, ya DDR4 ina 260, na pengo lake liko mahali pengine. Ikikataa kuingia, usiisukume. Utavunja tundu lake. Chomoa chaja na betri kwanza, na ushike chuma kitupu kabla ya kugusa kipuri.

Nne, simama karibu na fundi mpaka amalize, na urudi nyumbani na diski yako ya zamani. Bei utakayopewa haifiki thamani ya yaliyomo.

Tano, kama ni lazima kuiuza, diski inayozunguka ifomati kwa njia kamili, ile inayochukua saa nyingi. Ile isiyozunguka, SSD, ifute kwa programu ya kiwanda chake. Iliyokufa ivunje.

Na kama diski imekwisha kuhamishwa na sasa inadai ufunguo, usikubali ifomatiwe, wala usiuze laptopu ya zamani. Irudishe diski mahali pake pa kwanza. Mara nyingi itafunguka yenyewe, nawe utachukua ufunguo na nakala.

Ninyi mafundi wa Nyawera, mnaaminiwa na mji mzima. Kabla ya kufungua skrubu, muulizeni mteja: "Nakala unayo? Ufunguo unao?" Nawe uliyesoma, mwambie leo mama wa jirani ambaye mtoto wake amemletea laptopu mpya. Ile ya zamani bado iko mezani kwake, na majina ya nyumba yake yote yamo ndani.