Kahawa ya Nyumbani na Dawa Chungu

Wasomaji wetu wa Itumbe, na wa milima yote ya Wagusii, mwajua kwamba sisi ni watu wa kulima kahawa kuliko kuinywa. Mapadri waliipanda Bura, katika nchi ya Wataita, mwaka 1893, lakini kwa muda mrefu Waafrika wa Kenya hawakuruhusiwa kuilima. Ilipofika miaka ya katikati ya 1930 ndipo watu wa Kisii, Meru na Embu walipopewa ruhusa ya kujaribu. Tangu hapo tunda jekundu limekwenda kiwandani, nasi tumebaki na chai yetu ya maziwa.

Hata hivyo, ziko nyumba ambazo huweka akiba ya buni zilizokauka, wakazitwanga kinuni, wakazipepeta, wakazikaanga na kuzichemsha wenyewe. Jambo hilo ni jema sana. Lakini katika baadhi ya nyumba hizo imeingia desturi ya kutia dawa chungu ndani ya sufuria: unga wa majani ya mwarobaini, ambao hununuliwa sokoni kwa kuwa mti wenyewe haupendi baridi ya milima yetu, au kipande cha shubiri, au majani mengine yaliyochumwa ukingoni mwa shamba. Husema kwamba kahawa ni chungu na dawa ni chungu, kwa hiyo mnywaji hatasikia tofauti. Nilimwuliza mama mmoja kipimo chake ni nini. Akanijibu, “Ninachobana kwa vidole vitatu.” Mumewe, aliyekuwa ameketi karibu, akasema kwamba yeye hutia konzi.

Kutia kitu katika kahawa si jambo geni. Wauzaji wa Mombasa na Lamu huichemsha kwa tangawizi katika dele la shaba, na wanywaji huifuatisha halua au kashata. Waarabu hutia iliki. Huko Ethiopia, ambako kahawa ndiko kwao, watu hutumbukiza kikombeni kitawi cha mmea wenye harufu kali wanaouita tena adam, yaani afya ya Adamu. Wafaransa nao, bandari zilipofungwa katika vita vya Napoleon baada ya mwaka 1806, walichanganya kahawa na mzizi mchungu wa chikori uliokaangwa, na wengine wamependezwa nao hata leo. Lakini angalieni: tangawizi na iliki hutiwa ili zisikike ulimini, bali mwarobaini wetu hutiwa ili usisikike. Hapo ndipo shauri langu linapoanzia.

Uchungu wa jani ni kama mlinzi wa mlangoni. Mtu akinywa maji ya mwarobaini peke yake, ulimi humzuia kabla hajapita kiasi. Akiyanywa ndani ya kahawa nzito, mlinzi huyo amelazwa usingizi. Tuseme mzee ana ugonjwa wa sukari, naye anatumia vidonge vya kuishusha au sindano ya insulini. Majani ya mwarobaini nayo yaweza kuishusha sukari ya damu. Vikikutana, mzee huanza kutetemeka, moyo ukamwenda mbio, jasho baridi likamtoka. Watu wa nyumbani watasema nini? Watasema, “Kahawa ya leo ilikuwa kali,” kwa sababu kahawa nayo hutetemesha mikono na kuubishisha moyo. Watamwacha apumzike, kumbe alihitaji sukari papo hapo, kwa kinywa ikiwa bado aweza kumeza, na baada ya hapo apelekwe hospitali. Mwenye mimba asipewe mwarobaini wala shubiri. Watoto wadogo nao wasiguse dawa hizi: mwaka 1981 madaktari waliandika habari za watoto wa Malaysia waliougua vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini.

Wengine watanijibu kwamba hata kwinini ni chungu, nayo imeponya homa ya malaria. Ni kweli. Zamani Wazungu walisaga gamba la mti wake wakalinywa ndani ya divai, ili kuficha uchungu kama tufanyavyo sisi kwa kahawa. Lakini gamba moja lilikuwa na nguvu na jingine halina, na mgonjwa hakujua alilopata. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga dawa yenyewe kutoka katika gamba. Tangu hapo iliwezekana kuipima. Kwa hiyo mwenye homa na aende zahanati apimwe damu, asingoje sufuria ichemke.

Tena nina shaka kwamba dawa hizi mara nyingine hutiwa kwa kuwa kahawa yenyewe imeungua, na mpishi hana la kupoteza. Mama zetu hawapiki chinsaga hivyo. Huichemsha, wakaitia maziwa, mpaka uchungu ukatulia. Kahawa nayo yataka subira. Kaanga buni chache chache juu ya moto mdogo, ukizigeuza kwa mwiko bila kupumzika. Zitageuka manjano, kisha hudhurungi, halafu zitaanza kualika kama bisi. Zikishaalika, ngoja kidogo tu, uziepue na kuzimwaga juu ya ungo ili zipoe upesi. Ukiona mafuta yanang'aa na moshi umejaa jikoni, umechelewa. Zitwange kesho yake, utie kijiko kikubwa kimoja cha unga kwa kila kikombe, uache ichemke kidogo, kisha itue.

Na yule ambaye hawezi kuacha dawa yake ya majani, aiweke katika kikombe cha peke yake, mbali na kahawa, ainywe kwa uchungu wake wote. Siku ya kwenda kliniki achukue jani au pakiti ya unga mfukoni, amwonyeshe mwuguzi pamoja na vidonge vyake.